Sura ya Saba: Kimbilio Hujengwa Kiangazi

Dundori iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye miinuko inayopanda kutoka mji wa Nakuru kupitia Bahati kuelekea Nyandarua. Mwinuko huo ndio unaowapa wakulima wake mvua ya kuotesha viazi, kabichi, karoti na majani ya ng'ombe. Ndio pia unaowaletea mvua ya mawe, radi, upepo wa ghafla wa alasiri na makorongo yanayochimbika katikati ya shamba kwa usiku mmoja. Anayeishi hapa hana haja ya kuuliza kama dhoruba itakuja. Huja kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Oktoba. La kuuliza ni familia itakuwa wapi ikifika, itakuwa na nini mkononi, na nani atakuwa ameyaamua hayo. Hoja ya sura hii ni kwamba kimbilio la nyumbani ni mkusanyiko wa maamuzi yaliyofanywa mapema. Kila mtungi uliojazwa, kila msumari uliokazwa na kila njia iliyopimwa kwa miguu ni jambo moja ambalo mzazi hatalazimika kuliamua saa tisa usiku, gizani, watoto wakilia. Tukilichukua hivyo tutajua cha kuweka akiba, mahali pa kukiweka, na wakati wa kukiacha na kuondoka.

Ushahidi hauko mbali. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka huko Solai, katika kaunti hii hii ya Nakuru, na maji yakazoa nyumba zilizokuwa chini yake. Watu 48 walikufa. Miaka sita baadaye, tarehe 29 Aprili 2024 kabla ya mapambazuko, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na magogo na takataka kwenye kalvati ya reli upande wa Kijabe yaliachia ghafla, yakashukia Mai Mahiu, kijiji cha Kamuchiri kikiwemo, na kuua zaidi ya watu 50. Misiba hii miwili inafanana kwa mambo matatu. Yote ilitokea gizani, wengi wakiwa majumbani mwao. Yote ilitokana na maji yaliyokusanyika huko juu, mahali ambapo aliyelala chini hakuweza kuyaona. Na katika yote miwili, akiba ya unga na maji ya kunywa haikumfaa kitu mtu ambaye nyumba yake ilikuwa kwenye mkondo. Miongozo mingi ya kujiandaa kwa dhoruba huanza na orodha ya vitu vya kununua. Solai na Mai Mahiu zinatulazimisha kuanza na mahali nyumba iliposimama.

Basi familia ya Dundori ianze kwa kuisoma ardhi yake, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 30, ambayo inaweza kunyesha alasiri moja tu, humwaga zaidi ya lita 120,000 kwenye ekari moja. Sehemu yake huzama ardhini. Inayobaki hutafuta pa kushukia, na njia hiyo huonekana hata wakati wa kiangazi: mfereji wa zamani uliofukiwa na majani, kona ya shamba iliyobaki mchanga mtupu baada ya udongo kuchukuliwa, ukuta wa zizi wenye mstari wa matope yaliyokauka. Nyumba iliyo kwenye njia hiyo, au chini ya kidimbwi cha kunyweshea mifugo, au kando ya kalvati ndogo inayopokea maji ya barabara nzima, au chini ya mteremko uliokatwa wima ili kupata uwanja wa kujenga, haifai kuwa kimbilio hata ikijengwa kwa mawe. Watu wake wanahitaji mahali pengine: kwa jirani aliye kwenye kigongo, kanisani au shuleni. Na mahali hapo paombwe sasa, wenyewe wakubali, wajue ni watu wangapi watabisha hodi na saa gani.

Nyumba iliyo mahali salama nayo inahitaji kujua dalili zitakazoigeuza kuwa ya kuhamwa. Ufa mpya ardhini, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, miti au nguzo za ua zilizoanza kuinama, chemchemi iliyogeuka rangi: hizo husema kwamba udongo unasogea. Dalili inayodanganya kuliko zote ni kijito kinachopungua ghafla huku mvua ingali inanyesha. Anayekiona hufarijika, akidhani mafuriko yamepita. Lakini maji hayo hayajaenda popote. Gogo, takataka au udongo ulioporomoka umeyazuia huko juu, na kizuizi kikiachia yatashuka yote kwa pamoja. Familia iweke kanuni isiyojadiliwa usiku: yeyote akiona mojawapo ya dalili hizi, awe mtoto au mgeni, watu wote wanatoka, wanapanda juu, na hakuna anayerudi kuchukua chochote. Na wasipitie majini. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na usiku hakuna awezaye kuona kama daraja au barabara iliyo chini yake bado ipo.

Wapo watakaosema kwamba suluhisho linajulikana: Wamarekani huchimba vyumba chini ya ardhi na kujifungia humo mpaka dhoruba ipite. Ni kweli, na kwao ina mantiki. Katika majimbo kama Oklahoma adui ni kimbunga cha nchi kavu ambacho upepo wake unaweza kuzidi kilomita 300 kwa saa, kinachong'oa nyumba nzima na kuondoka baada ya dakika chache. Kwa upepo wa namna hiyo, chini ya ardhi ndipo mahali pa salama. Adui mkubwa wa miinuko yetu ni maji, na maji hutafuta shimo. Marekani yenyewe ilijifunza hilo Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalipoimwagia New York mvua kubwa: kati ya watu 13 waliokufa mjini humo, 11 walikuwa katika vyumba vya chini ya ardhi. Tena udongo wa Bonde la Ufa la kati, uliotokana kwa sehemu kubwa na majivu ya volkano, hubebwa na maji kwa urahisi. Machi 2018, baada ya mvua nyingi, ardhi ilifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Kila mtu wa Nakuru anajua vyoo vya shimo vinavyotitia wakati wa masika. Kuchimba pango la familia katika udongo wa aina hiyo ni kujitafutia hatari ambayo haikuwepo.

Kimbilio linalofaa hapa, kwa nyumba iliyo mahali pazuri, ni chumba kimoja cha juu ya ardhi kilichoimarishwa. Kichaguliwe kidogo, kilicho katikati ya nyumba au upande usiopigwa na upepo, chenye dirisha dogo au kisicho nalo, na mbali na mkaratusi au msaipresi unaoweza kuangukia paa. Kazi kubwa iko juu. Upepo unapopita juu ya mabati huyavuta kwenda juu, na ukipata mlango au dirisha lililo wazi huingia na kuyasukuma kutoka ndani. Paa linalovutwa na kusukumwa kwa pamoja huondoka na kenchi zake. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya wingu jeusi linapokaribia ni kufunga milango na madirisha yote. Na kabla ya msimu, mtu apande na kukagua. Misumari ya mabati hulegea mwaka hadi mwaka kwa sababu bati hutanuka kwa jua la mchana na kujikunja kwa baridi ya usiku. Msumari unaotikisika ung'olewe, upigwe mwingine mrefu zaidi kando yake, na tundu la zamani lizibwe. Kenchi zifungwe kwenye mbao za juu ya ukuta kwa mkanda wa chuma au waya mnene uliosokotwa, maana msumari peke yake hushikilia uzito unaoshuka kuliko nguvu inayoinua. Katika nyumba ya mbao, nguzo zichunguzwe pale zinapoingia ardhini, mahali mchwa na unyevu hukutana: ukichoma kwa ncha ya kisu na kikazama bila kazi, nguzo hiyo haitasimama na upepo. Chumba hiki kiwekewe dari ya mbao au plaiwudi ikiwezekana, kwa sababu mvua ya mawe hutoboa plastiki za kupitishia mwanga na kuvunja vioo. Septemba 2008, huko Busara karibu na Nyahururu, barafu ya mvua ya mawe ilifunika mlima kiasi cha watu kudhani ni theluji imeanguka.

Chumba kilichofungwa vizuri huleta hatari yake, na watu wengi hawaitambui. Dundori kuna baridi, na mvua ya usiku huizidisha. Mtu atashawishika kuingiza jiko la makaa ndani ili watoto wapate joto. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kisicho na hewa humlevya mtu, humlaza na kumuua kabla hajashtuka. Moshi ukiisha na makaa yakabaki mekundu, gesi hiyo bado inatoka. Jiko lisivuke kizingiti cha chumba cha kimbilio, hata kwa dakika kumi. Joto litoke kwenye mablanketi, soksi, kofia za sufu na miili iliyokaa pamoja, nalo litatosha. Radi nayo ina masharti yake. Televisheni na chaja zichomolewe ukutani mapema; watu wasiegemee ukuta wenye nyaya wala kushika bomba. Aliye shambani ahesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikipungua 30, aache jembe, aachane na mti na ua wa waya, aingie ndani, na asitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Sasa ndipo akiba ipate nafasi yake. Kipimo kinachofaa ni siku tatu, kwa sababu huo ni muda ambao barabara ya matope inaweza kukatika, umeme ukapotea na duka likakosa bidhaa. Mtu mmoja anahitaji kama lita saba kwa siku za kunywa na kupikia. Familia ya watu sita kwa siku tatu ni lita 126, yaani mitungi saba ya lita 20, iliyooshwa, yenye vifuniko, ikiwekwa ndani. Watu husema kwamba maji ya kunywa hayawezi kukosekana mvua ikinyesha. Yanakosekana haswa wakati huo, kwa kuwa kisima na kijito hupokea kila kilichosombwa kutoka vyooni na zizini. Maji ya paa ni bora, lakini mvua ya kwanza inayoosha vumbi na kinyesi cha ndege iachwe ipite kabla ya kuelekezwa tangini. Yachemshwe, na hapa mwinuko unadai jambo la ziada: katika mita 2,000 maji hutokota kwenye nyuzi kama 93 badala ya 100, kwa hiyo yaachwe yatokote kwa nguvu dakika tatu kamili. Chakula nacho kichaguliwe kwa kuuliza kinahitaji moto kiasi gani. Githeri ya mahindi makavu na maharagwe ni chakula chetu cha heshima, lakini huhitaji saa kadhaa za kuni, na kuni zitakuwa zimelowa. Unga wa uji, sukari, njugu, mkate, ndizi na viazi vilivyochemshwa mchana ule wa mawingu vitafaa zaidi. Kuni za siku tatu ziwekwe mahali pakavu, na viberiti viwe ndani ya chupa yenye kifuniko.

Baada ya chakula kuna vitu vidogo vinavyosahaulika kwa sababu hutumika kila siku mahali pengine. Dawa za mgonjwa wa presha, kisukari, kifafa au anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi zihesabiwe ili wakati wa mvua zisipungue za wiki moja. Pakiti za chumvi na sukari za kuzuia kukaukiwa ziwepo, na kila mtu mzima ajue kuzitengeneza zikikosekana: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Taa ya sola ichajiwe, redio iwe na betri, simu iwe na chaji na namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu iwe imeandikwa pia kwenye karatasi. Noti ndogo ndogo ziwekwe, kwa kuwa mtandao ukikatika pesa zilizo ndani ya simu hazinunui hata kibiriti. Vitu hivi vigawanywe sehemu mbili. Vya kukaa navyo vibaki chumbani. Vya kuondoka navyo viingie katika mfuko mmoja wa mgongoni uliotundikwa karibu na mlango: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba na kadi za kliniki ndani ya karatasi ya plastiki iliyofungwa, dawa, tochi, maji ya chupa, nguo kavu ya mtoto. Familia isiyo na mfuko huu itasimama gizani ikitafuta hati ya shamba maji yakipanda, na huko ndiko wengi hukwama.

Mali ya mkulima pia iamuliwe mapema. Mahindi ghalani yainuliwe juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Yaliyolowa na kuota ukungu yasiliwe na watu wala mifugo: mwaka 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi iliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui. Kwa ng'ombe, uamuzi mgumu ni wa kamba. Familia inayokimbia mafuriko na kumwacha ng'ombe amefungwa imemhukumu kifo. Akifunguliwa mlango wa zizi na kamba ikatolewa, mara nyingi atapanda mwenyewe mahali pa juu. Mtu mmoja apewe kazi hiyo, na iwe kabla maji hayajafika zizini. Baada ya hapo kazi hiyo haipo tena, hata kama ng'ombe ni wa maziwa na amegharimu akiba ya miaka.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la umaskini. Mtu anayenunua unga wa siku hiyo kwa kibarua cha siku hiyo ataona maneno ya akiba ya siku tatu kama dhihaka. Anastahili jibu la kweli, na jibu ni kwamba mambo yanayookoa maisha zaidi katika sura hii yanadai jasho kuliko fedha: kuzibua mfereji, kukata tawi linaloning'inia juu ya paa, kukubaliana na jirani wa kigongoni, kujua dalili, kukataza jiko chumbani. Akiba yenyewe haihitaji kununuliwa kwa pamoja. Pakiti moja ya unga inayoongezwa mwezi huu, kibiriti mwezi ujao, vikitumiwa kwa zamu na kurudishwa, havitaharibika wala kukaa bure. Chama ambacho hununuliana sufuria na mablanketi kinaweza kununua misumari na mikanda ya chuma kwa mwaka mmoja, nyumba baada ya nyumba. Pamoja na hayo, wapo ambao kipande chao pekee cha ardhi kiko kwenye mkondo wa maji, na hakuna mtungi utakaolitatua hilo. Hao wana haki ya kudai kwa kaunti na serikali njia bora ya maji, kalvati kubwa, ukaguzi wa mabwawa, na ardhi mbadala pale inapobidi.

Hapo ndipo wengine husema kazi yote ni ya serikali. Serikali ina wajibu wake, na kujiandaa kwa mwananchi hakuufuti. Lakini tuangalie jinsi wajibu huo unavyomfikia mtu. Mapema Mei 2024 serikali iliwaamuru watu wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi 178 za maji kote nchini wahame ndani ya saa 24. Amri ya namna hiyo humkuta mtu sokoni, shambani au kitandani, na thamani yake hutegemea kama anajua pa kwenda, atabeba nini na nani atamshika mkono bibi asiyeweza kutembea. Wapo pia wanaosema mvua kubwa kama ile haiji kila mwaka. Ni sawa, lakini paa lililokazwa hufaa kila alasiri ya upepo, maji safi hufaa kila bomba linapokauka, na hati zilizo mahali pamoja hufaa hata siku ya kwenda benki. Ni matayarisho machache sana yanayongojea msiba ndipo yawe na faida.

Miezi ya Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu na viazi vimeshavunwa, ndiyo ya kazi hii. Jumamosi moja itoshe kwa mifereji na miti, nyingine kwa paa, nyingine kwa mitungi na mfuko. Kisha familia ifanye zoezi usiku, taa zikiwa zimezimwa: nani anamshika mtoto mdogo, nani anabeba mfuko, nani anafungua zizi, nani anatangulia na tochi mpaka kwa jirani. Zoezi la kwanza litafichua mambo ambayo hakuna orodha inayoweza kuyafichua, kama kufuli ambayo ufunguo wake haujulikani uliko, au lango linalofunguka kwa ndani pekee. Yarekebishwe, na zoezi lirudiwe kabla ya masika. Familia ambayo kila mmoja wake anaweza kueleza, bila kusaidiwa, atafanya nini na ataelekea wapi, imeshamaliza kulijenga kimbilio lake. Familia yenye stoo iliyojaa lakini majibu yanayotofautiana bado iko nje.